Moto Mpe Mahali, Moshi Mpe Njia

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, lililopigwa chapa kwa ajili ya wasomaji

Natumaini kila mmoja ana kalamu na daftari yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: MOTO MPE MAHALI. MOSHI MPE NJIA. Yasomeni pamoja mara mbili, polepole. Hayo ndiyo maneno ya somo letu la leo, na mwisho wa somo nitawaomba myaandike bila kutazama ubao.

Leo tutazungumza juu ya moto wa nyumbani: mahali pa kuweka jiko, namna ya kujenga dohani, na namna ya kulala salama baada ya kupika. Dohani ni bomba au tundu refu la kutolea moshi juu ya paa. Wengine huliita bomba la moshi. Ni kitu kile kile.

Labda mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi nimepika tangu utoto wangu. Huyu bwana wa redio atanifundisha nini juu ya moto?" Ni kweli, mama. Kuwasha moto huhitaji kufundishwa. Lakini nakuomba unisikilize kwanza, maana nitaanza na habari ya bibi yangu mwenyewe, na yeye alikuwa amepika miaka mingi.

HABARI YA JIKO LA BIBI

Bibi yangu, mama yake mama, anakaa katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Huko ni juu, na mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali. Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, bibi alikuwa na nyumba ndogo ya kupikia. Kuta zake zilikuwa za fito na udongo, paa la nyasi, na mlango mmoja tu. Alipika juu ya mafiga matatu katikati ya chumba. Moshi ulijaa mpaka hatukuonana. Bibi alikohoa asubuhi na jioni, na macho yake yalikuwa mekundu siku zote.

Mjomba wangu alimhurumia mama yake. Akamleta fundi ajenge jiko la udongo lenye dohani ya bati. Fundi alilijenga jiko karibu na mlango, apate mwanga wa kufanyia kazi. Kisha akatoboa tundu katika nyasi za paa, tundu la kutosha bomba na si zaidi, akalipitisha bomba. Jioni ile sote tulifurahi. Kwa mara ya kwanza tulikula jikoni bila machozi.

Zikapita wiki tatu. Siku moja bibi akasema, "Nyasi zanukia kama zimekaangwa." Hakuna aliyepanda juu kutazama. Usiku wa pili, upepo ulikuwa mwingi na bibi alikuwa akipika maharage. Nyasi zilizoligusa bomba zikashika moto. Kwa kuwa bomba lilikuwa karibu na mlango, nyasi zinazowaka zilianguka pale pale mlangoni. Bibi alikuwa ndani, na njia ya kutokea ilikuwa moja tu, na hiyo ndiyo iliyowaka.

Mjomba aliuvunja ukuta wa nyuma kwa jembe, akamvuta bibi nje. Aliungua mkono wa kushoto. Mahindi yote yaliyokuwa darini yaliteketea, nayo yalikuwa chakula chetu cha miezi minne.

Sasa sikilizeni lililofuata. Majirani walisema, "Mnaona? Dohani huleta moto." Hakuna mtu kijijini petu aliyejenga dohani kwa miaka mingi. Bibi alijenga chumba kingine cha fito na nyasi, akarudia mafiga yake matatu, na moshi wake, na kikohozi chake. Nami niliamini kama wengine, mpaka nilipokwenda chuoni nikasoma habari za ujenzi wa majiko. Ndipo nilipofahamu kwamba dohani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la vipimo. Jiko liliwekwa mahali pabaya, na bomba halikupewa nafasi.

Basi, somo la leo ni somo la vipimo. Hamhitaji kununua chombo cha kupimia. Vipimo vya wazee wetu vinatosha:

Shubiri: toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Ni kama sentimita 23.

Mkono: toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Ni kama sentimita 45, yaani shubiri mbili.

Pima: mikono yote miwili ikinyooshwa, toka ncha hata ncha. Ni kama sentimita 180, yaani mikono minne.

MOSHI SI MGENI MWEMA

Watu wengine husema, "Moshi hauui. Wazazi wetu waliishi nao." Lakini moshi wa kuni una vumbi jembamba sana lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Huwaletea watoto wadogo ugonjwa wa nimonia, na watu wazima huwaletea magonjwa ya mapafu na ya moyo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kabla ya wakati wao kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hao ni watoto wanaobebwa mgongoni mama akipika.

Kwa hiyo tuna maadui wawili jikoni. Mmoja ni moto unaounguza nyumba kwa usiku mmoja. Wa pili ni moshi unaounguza mapafu kwa miaka mingi. Mjomba wangu alitaka kumfukuza adui wa pili, akamwingiza wa kwanza. Yafaa tuwafukuze wote wawili pamoja.

KWANZA: MAHALI PA MOTO

Kabla ya kujenga jiko, simama mlangoni mwa chumba cha kupikia. Jiulize, "Moto ukiruka sasa hivi, nami nipo kule ndani, nitatokea wapi?" Jiko lisikae kati ya mpishi na mlango. Liweke upande ulio mbali na mlango, ili mpishi akitaka kukimbia aupe moto mgongo na mlango uwe mbele yake. Kama chumba ni kikubwa, toboa mlango wa pili au dirisha pana ambalo mtu mzima aweza kupita. Tena, jiko lililo karibu na mlango hupigwa na upepo, na cheche huruka.

Sasa tazama ukuta. Ukuta wa fito uliokandikwa udongo vizuri hauwaki upesi. Lakini udongo ukibanduka na fito zikaonekana, hizo ni kuni kavu zinazongoja moto. Ziba kila mahali palipobanduka kabla hujawasha. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Kama unapika juu ya mafiga, uwe na mikono miwili toka motoni hata ukutani. Kuni za akiba zisikae karibu na jiko kuliko mikono miwili, wala mafuta ya taa yasiwekwe katika chumba hicho kabisa.

Kisha inua macho, utazame juu. Je, juu ya moto pana kamba ya nguo? Pana magunia, majani ya migomba, au mahindi yanayoning'inia? Miali ya moto hupanda, na joto hupanda juu zaidi ya miali. Kitu chochote kinachoweza kuwaka kisining'inie juu ya moto.

Mwisho, tazama chini. Moto ulio chini kabisa, sawa na sakafu, humngoja mtoto anayetambaa. Jenga jiko juu ya kikao cha mawe na udongo, kimo cha mikono miwili kama cha meza. Mpishi hatainama, na mtoto hataanguka motoni. Hata hivyo, usiache mpini wa sufuria utokeze ukingoni, maana mtoto huuvuta.

Hapa nataka kusema neno juu ya ndugu zetu wenye kifafa. Wengi wao huungua vibaya kwa sababu huanguka motoni wakati ugonjwa umewashika. Na wengine huungua zaidi kwa sababu walio karibu huogopa kuwagusa, wakidhani povu au mate yao yataambukiza. Si kweli. Kifafa hakiambukizi kwa kugusa, wala kwa mate. Mtu akianguka motoni, mvute mara moja. Kama nyumbani pana mtu wa namna hiyo, jiko lililoinuliwa na lenye kuta ni lazima, tena asiachwe peke yake na moto.

PILI: DOHANI NA NAFASI YAKE

Twende sasa kwenye dohani. Kwanza tufahamu kwa nini moshi hupanda. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi, nayo hupanda juu ya hewa baridi iliyo nzito. Bomba refu likijaa hewa ya moto, hewa ile hupanda kwa nguvu na kuivuta hewa nyingine nyuma yake. Ndiyo maana dohani ndefu huvuta vizuri kuliko fupi. Ndiyo maana pia chumba kisizibwe kila mahali: hewa inayotoka juu lazima ifuatwe na hewa inayoingia chini. Ukifunga mlango na dirisha na kila tundu, dohani haina cha kuvuta, na moshi hurudi chumbani.

Jambo la pili: dohani haiwezi kuvuta moshi wa mafiga yaliyo wazi katikati ya chumba. Inataka jiko lililofungwa. Jenga jiko la udongo au matofali lenye mdomo mmoja wa kutilia kuni, tundu la sufuria juu, na tundu la moshi nyuma. Sufuria ikae sawasawa katika tundu lake. Ikiwa ndogo kuliko tundu, moshi utapita kando yake na kuingia chumbani. Kwa jiko la nyumbani, bomba lenye upana wa sentimita 10 mpaka 15 linafaa. Lisimame wima, bila kona nyingi, maana masizi hukusanyika penye kona.

Jambo la tatu ndilo lililomuunguza bibi yangu. Bomba la bati hupata moto mkali sana. Nyasi na miti iliyo karibu nalo haiwaki siku ya kwanza. Hukauka, kisha hubadilika rangi na kuwa nyeusi kidogo kidogo. Na kitu kilichokwisha kukauka hivyo hushika moto kwa joto dogo kuliko kitu kibichi. Kwa sababu hiyo mtu huona wiki tatu zimepita salama, akadhani hakuna hatari, na kumbe hatari inaongezeka kila siku. Harufu ya nyasi zilizokaangwa ilikuwa onyo. Ukisikia harufu hiyo, uzime moto na upande kutazama siku ile ile.

Kanuni ni hii, iandikeni: MKONO MMOJA KILA UPANDE. Toka bomba la bati hata nyasi, fito, boriti, au mti wowote, iwepo nafasi ya mkono mmoja, pande zote. Mahali bomba linapopita darini na katika paa, kata tundu pana, kisha funika nafasi ile kwa bati, si kwa mbao wala kwa nyasi.

Lakini nasema wazi: paa la nyasi na dohani hawapatani sana. Hata bomba likipewa nafasi, cheche zaweza kutoka juu na kuanguka juu ya nyasi. Ukiweza, paa la chumba cha kupikia liwe la bati, hata kama nyumba ya kulala bado ni ya nyasi. Tena chumba cha kupikia kikae mbali na nyumba ya kulala, pima tatu au zaidi, na kisiwe upande ambao upepo mwingi hutokea.

Jambo la nne ni urefu. Kilele cha dohani kipite kilele cha paa kwa sentimita 60 au zaidi, yaani shubiri tatu nzuri. Kwa nini? Upepo unaopita juu ya paa huanguka upande wa pili kama maji yanavyoanguka nyuma ya jiwe mtoni. Dohani iliyo fupi kuliko paa hupigwa na upepo huo, na moshi hurudishwa chini. Waliofika Lushoto mjini wameona nyumba za kale za wakati wa Wajerumani, mji ulipoitwa Wilhelmstal, na za wakati wa Waingereza. Baadhi yake zina jiko la kuotea moto ukutani, na dohani nene ya matofali au mawe iliyosimama juu kuliko paa. Dohani hizo hazikuinuliwa kwa ajili ya uzuri. Ziliinuliwa ili zipate upepo safi. Na mbele ya jiko pamewekwa jiwe au saruji, ili kaa likiruka lisianguke juu ya mbao.

Juu ya dohani weka kofia ya bati ya kuzuia mvua. Kofia isiketi juu ya bomba kabisa, bali iachiwe nafasi ya shubiri moja ili moshi upite.

TATU: USAFI WA DOHANI

Moshi hupita na kuacha masizi. Kuni mbichi huacha masizi mengi zaidi, na pamoja nayo kitu cheusi kinachonata kama lami. Vyote viwili huwaka. Siku moja miali mirefu hupanda ndani ya bomba, masizi hushika moto, na bomba lote hunguruma kama lori linalopanda mlima. Kwa hiyo, choma kuni zilizokaushwa. Kila mwezi, jiko likiwa limepoa kabisa, chungulia ndani ya bomba. Masizi yakifikia unene wa milimita 3, yasafishe. Funga kifurushi cha majani magumu kwenye kamba, ufunge na jiwe dogo chini yake, kisha kipandishe na kukishusha ndani ya bomba. Fumba mdomo na pua kwa kitambaa.

SWALI LA WAZEE: NA MAHINDI JE?

Najua kuna mzee anayetaka kuniuliza, "Mwanangu, huo moshi unaoufukuza ndio unaolinda mahindi yangu darini. Fukusi hawapendi moshi. Tena moshi hukausha nyasi za paa, zisioze." Mzee, swali lako ni la haki, na walioleta dohani bila kulijibu walikosea. Ni kweli kwamba moshi na joto huwazuia wadudu. Basi ukiutoa moshi, lazima uwe na ulinzi mwingine. Kausha mahindi vizuri juani, yapukuchue, kisha yatie katika mfuko usiopitisha hewa au katika kihenge cha bati kilichofungwa sawasawa. Wadudu waliomo ndani hukosa hewa wakafa. Panga jambo hili kabla ya kujenga dohani, si baada ya mahindi kutobolewa.

NA ASIYEWEZA KUJENGA DOHANI?

Kama huna fedha za dohani mwaka huu, usikae tu. Inua paa kidogo juu ya ukuta, shubiri moja, ili moshi upate kutoka. Toboa madirisha mawili yanayotazamana. Siku isiyo na mvua wala upepo, pika nje. Pasua kuni nyembamba na uzikaushe. Funika sufuria, na loweka maharage usiku mzima, ili kuni zitumike kidogo. Wala mtoto mchanga asikae jikoni wakati kuni zinawashwa.

NNE: MKAA NA BARIDI YA USIKU

Sasa nakuja kwenye jambo linaloua kimya kimya. Wakati wa baridi, watu huchukua jiko la mkaa, huliingiza chumbani, hufunga mlango na madirisha, wakalala. Husema, "Mkaa hauna moshi, kwa hiyo ni safi." Ndugu zangu, si hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikereketi kooni. Ikiingia mwilini huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa tunayoihitaji, na mwili hukosa pumzi huku mtu anaendelea kuvuta hewa. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, mtu hutapika, magoti huregea, usingizi mzito humshika. Aliyekwisha kulala hawezi kuamka na kufungua mlango.

Jivu likifunika makaa, bado yanatoa sumu. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kidogo, hata usiku mmoja, hata kama mgonjwa au mzazi anasikia baridi. Ongeza blanketi, au otea moto jioni na milango ikiwa wazi, kisha litoe jiko nje. Ukimkuta mtu ameanguka katika chumba chenye jiko la mkaa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi kwenye hewa safi, umpeleke hospitali. Usikae ndani kumtazama, usije ukaanguka na wewe.

TANO: KABLA YA KULALA

Nitawapa habari moja ya mbali, maana inatufundisha jambo la karibu. Mji wa London, katika Uingereza, zamani ulikuwa na nyumba nyingi za mbao zilizobanana. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba, 1666, moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate mmoja. Yeye alishikilia kwamba alikuwa ameuzima moto wake kabla ya kulala. Moto ule uliendelea siku kadhaa, ukateketeza nyumba kama 13,200 na makanisa 87. Baadaye serikali ilitoa sheria kwamba nyumba zijengwe kwa matofali au mawe. Sehemu iliyoungua ilijengwa upya, lakini mambo yalianzia katika nyumba ya mpishi mmoja.

Basi kabla ya kulala, usiseme tu, "Nafikiri umezimika." Toa vipande vya kuni vyenye moto, vitie majini au mchangani. Majivu uyatie katika chombo cha bati, si katika kapu wala ndoo ya plastiki, maana kaa dogo laweza kuishi ndani ya jivu mpaka kesho yake. Kibatari kizimwe. Na karibu na mlango wa jikoni iwepo siku zote ndoo ya maji na ndoo ya mchanga.

MOTO UKITOKEA, MTU AKIUNGUA

Nyumba ikishika moto, toa watu kwanza. Usirudi ndani kutafuta nguo wala fedha. Palipo na moshi mwingi, tambaa, kwa sababu hewa nzuri huwa chini. Mafuta yakiwaka katika kikaango, usiyamwagie maji, maana yataruka na kueneza moto. Funika kwa kifuniko na uondoe moto ulio chini. Katika Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa simu namba 114.

Nguo yako ikishika moto, usikimbie. Upepo huuchochea moto. Lala chini, ujiviringishe, au ufunikwe kwa blanketi zito.

Mtu akiungua, mwagia pale palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala unga, wala yai, wala mafuta. Vitu hivyo hushikilia joto na kuleta uchafu katika kidonda. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe. Usiyapasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, uende hospitali.

MWISHO WA HABARI YA BIBI

Nilipomaliza masomo yangu nilikwenda kumwamkia bibi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Kaa, lakini moshi utakuumiza." Nikamwambia kwamba nataka kumjengea dohani tena. Alinyamaza kwa muda, akitazama kovu la mkono wake wa kushoto. Kisha akaniuliza, "Yule fundi wa kwanza alipima nini?"

Nikafikiri. Nikamjibu, "Bibi, alipima bomba tu. Nyumba hakuipima."

Akasema, "Basi wewe upime nyumba kwanza. Nami nitashika kamba upande mmoja."

Tukapima pamoja. Tulijenga chumba kipya chenye paa la bati na milango miwili. Jiko liko ndani, mbali na milango. Toka bomba hata boriti iliyo karibu ni mkono mmoja na shubiri. Alipima mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya majirani wale wale waliosema kwamba dohani huleta moto. Mahindi yake yako katika mifuko isiyopitisha hewa. Kikohozi cha miaka mingi hakikuisha kabisa, maana mapafu yaliyoumia hayarudi kuwa mapya. Lakini watoto wa mjomba wanakula naye jikoni, na hao hawakohoi. Mwaka uliofuata, nyumba nne za jirani zilijenga dohani. Kila mmoja alikuja kwanza kuazima ile kamba.

KAZI YA DARASA

Rudini nyumbani leo, mpime jiko lenu. Andikeni katika daftari majibu ya maswali haya matano, kwa maneno na kwa tarakimu:

1. Toka motoni hata ukutani ni mikono mingapi?
2. Juu ya moto kuna kitu gani, nacho kiko mbali kiasi gani?
3. Moto ukitokea, mpishi atatokea mlango gani? Je, jiko liko kati yake na mlango huo?
4. Moshi unatoka njia gani?
5. Jana usiku, nani alizima moto, na majivu yalitiwa wapi?

Leteni majibu darasani mkutano ujao, myasome kwa sauti. Kama wawili wenu wanaishi nyumba moja na majibu yao hayafanani, wapime tena pamoja.

Maneno ya kujifunza kusoma na kuandika: dohani, masizi, shubiri, cheche, boriti, kaa, makaa, nafasi.

Na sasa, bila kutazama ubao, andikeni yale maneno ya mwanzo: Moto mpe mahali. Moshi mpe njia.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.